Vitu Vitupu Sita

TANGAZO KWA UMMA. Leo Ijumaa, tarehe ishirini na tano Mei, mwaka elfu mbili na moja, baada ya miaka minane ya dharau, chuki na kubebeshana disketi, Mataifa Matatu ya Shule ya Bweni ya Hadlock yametia saini mkataba wa amani. Taifa la Windows, lenye makao yake katika ofisi ya msajili. Taifa la Mac, linalotawala chumba cha sanaa. Na Taifa la Linux, ambalo raia wake ni mmoja tu na anaishi kabatini. Kuanzia sasa yatatumia mafaili kwa pamoja na kuchapa kwenye printa moja bila kutukanana. Wananchi mnaombwa kushangilia kwa utaratibu.

Tangazo hilo nililibandika kwenye mlango wa choo cha wasichana, ghorofa ya pili, upande wa ndani, kwa sababu ubao wa matangazo nilikuwa nimepigwa marufuku kuukaribia tangu Februari. Lilidumu saa moja. Mtu aliishiwa karatasi.

Mimi ni Odile Cyr, miaka kumi na sita, na naomba ieleweke kwamba amani hiyo niliileta kwa adhabu, si kwa wito. Mwezi huo wa Februari nilikuwa nimeingia kwenye kompyuta ya jikoni na kuandika katika menyu ya wiki kwamba Alhamisi kila mwanafunzi atapewa kambakoche mzima na siagi. Wazazi wawili waliendesha gari kutoka Bangor. Mkuu wa shule aliniita, akasema kwamba kwa kuwa nina kipaji cha kuzichonganisha kompyuta na watu, nitakwenda ofisini kwa muda wa saa mbili kila siku hadi mwisho wa mwaka, nikazipatanishe zenyewe kwa zenyewe.

Hali niliyoikuta ilikuwa hivi. Mwalimu Gustafson wa sanaa alikuwa juu, na Mac yake. Printa kubwa, pekee iliyoweza kuvuta karatasi nene, ilikuwa chini kwa Bi. Pruitt, msajili, na ilisikiliza Windows tu. Kwa hiyo Mwalimu Gustafson alichora kitu, akakiweka kwenye disketi, akashuka ngazi thelathini na nane, akamkabidhi Bi. Pruitt. Kompyuta ya Bi. Pruitt iliitazama disketi ile kama askari wa mpakani anavyotazama pasipoti ya nchi ambayo hajawahi kuisikia.

"Inauliza kama nataka kuisafisha," Bi. Pruitt alikuwa akisema.

"Usikubali, mama. Tafadhali."

"Mwalimu, imeuliza kwa adabu."

Nawaomba muikumbuke sentensi hiyo. Bi. Pruitt ni mwanamke mwenye akili kuliko nusu ya walimu wetu, lakini alilelewa kwamba ukiulizwa kwa adabu unajibu ndiyo. Mashine ikiandika "Bonyeza hapa," anabonyeza. Kisha anafungua daftari lake la kijani na kuandika saa aliyobonyeza, kwa sababu kazi ya msajili ni kusajili, na hachagui cha kusajili.

Kabatini, chini ya ngazi, pamoja na mifagio, mlikuwa na kompyuta kuukuu iliyoachwa na mhitimu fulani, yenye Linux ndani yake. Hiyo ndiyo niliyoifanya seva. Miezi mitatu niliifundisha lugha mbili. Mac ikibisha hodi, inajibiwa kwa Kimac. Windows ikibisha, inajibiwa kwa Kiwindows. Kila moja inaamini inaongea na ndugu yake wa damu, na mkalimani kabatini hasemi neno. Nimeishi bwenini na watu wa namna hiyo.

Ijumaa ile ya mkataba, Mwalimu Gustafson alibonyeza "Chapa" kule juu, picha ya mbwa wake. Sekunde tisa. Kumi. Printa ya chini ikakohoa, ikavuta karatasi, na mbwa akatoka, masikio kwanza. Mwalimu alishuka mbio kuhakikisha. Akapanda mbio kuchapa tena. Akashuka mbio kuhakikisha tena. Ana miaka hamsini na nane. Tulipomzuia palikuwa na mbwa kumi na moja.

"Odile," akasema, ameshika kifua, "unajua maana yake? Vyeti."

Nilijua. Shule nzima ilijua.

Kwa miaka thelathini na moja, kila cheti cha mahafali ya Hadlock kimeandikwa kwa mkono wa mtu mmoja, Mzee Amsel. Hachapi, hanakili. Anakaa na kalamu ya wino na jina la mtoto wa mtu, na jina hilo linageuka kitu cha kutundikwa ukutani. Mwaka huu ulikuwa mwaka wake hasa, kwa sababu mjukuu wake, Thea, alikuwa anahitimu. Kisha mwezi wa Aprili Mzee Amsel aliteleza kwenye barafu ya mwisho ya msimu, mbele ya ofisi ya posta, akavunja kiganja cha mkono wa kulia mahali pawili.

Hapo ndipo Mwalimu Gustafson alipojifungia. Alikusanya vyeti vya zamani vya Mzee Amsel, akavipiga picha, akaifuata kila herufi kwa mkono wake kwenye Mac, a mpaka z, kubwa na ndogo, na tarakimu, na yale mapambo ya pembeni. Wiki tano. Matokeo yake yalikuwa fonti yenye vipande sita, faili moja kwa kila kipande. Ukiandika jina lolote, linatoka kwa mwandiko wa Mzee Amsel, hata ule mkia wa y anaouzungusha kama mtu anayefunga kitambaa shingoni. Mzee alipoonyeshwa aliuliza swali moja tu.

"Na la Thea litatoka hivi?"

"Litatoka hivi, Mzee."

"Basi nitakuja kuliona likitoka."

Alhamisi saa nane mchana, wakapanga. Mahafali ni Jumamosi.

Sasa lazima nizungumzie kidirisha cha printa.

Printa ya Bi. Pruitt ilikuwa na kidirisha chembamba cha kijani kilichoandika neno TAYARI. Watu wengi hudhani neno hilo ni la printa. Ukweli ni kwamba ukiitumia printa ujumbe wa mstari mmoja wa aina fulani, itaandika chochote unachotaka, bila kucheka. Tena seva inaweza kuambiwa iutume ujumbe huo yenyewe, siku fulani, saa fulani, wakati wewe umekaa darasani na uso wa malaika. Mtu mwenye maarifa hayo na asiyatumie ana tatizo la kiroho.

Kwa hiyo Jumanne saa tisa alasiri printa iliandika NINA NJAA.

Bi. Pruitt aliisoma, akaandika kwenye daftari la kijani, akatoa biskuti ya tangawizi kwenye kopo lake, akaiweka juu ya printa. Kisha akaenda kuchukua barua. Aliporudi biskuti haikuwepo. Aliandika hilo pia.

Jumatano saa tisa iliandika NJAA BADO. Biskuti mbili. Sina la kujitetea. Zilikuwa na sukari juu.

Siku hiyohiyo ya Jumatano, fundi alileta Mac mpya ya chumba cha sanaa. Ile ya zamani ilikuwa inafutwa kila kitu na kupelekwa shule ya watoto.

"Weka mali zako zote kwenye seva," nikamwambia Mwalimu Gustafson, kwa sauti ya waziri anayezindua daraja. "Ni mahali salama kuliko pote shuleni. Kesho utazichukua."

"Nina disketi ya akiba pia," akasema.

"Iko wapi?"

Akapapasa koti lake. Koti lilikuwa limetoka kufuliwa.

Jioni hiyo, nikiwa nimelewa biskuti na sifa, niliiandalia seva ujumbe mmoja wa ziada wa Alhamisi saa tatu asubuhi. Niliona njaa imeanza kuchosha. Nilitaka printa isikike kama mashine iliyofikia umri wa hekima. Niliandika: NIMEJAA. FUTA VITU VITUPU. Nikacheka peke yangu, nikaenda kulala.

Alhamisi saa saba na nusu, baada ya chakula, niliingia ofisini nikamkuta Mwalimu Gustafson amesimama katikati ya chumba, mikono kichwani. Bi. Pruitt alikuwa ameketi, daftari la kijani limefunguliwa mapajani.

"Fonti haipo," Mwalimu akaniambia. "Folda ipo. Picha zipo. Mbwa yupo. Vile vipande sita havipo."

"Nimevifuta mimi," Bi. Pruitt akasema.

Hakulia wala hakujitetea. Alisoma, kidole kwenye mstari. "Alhamisi, saa tatu na dakika mbili. Printa inasema imejaa, tufute vitu vitupu. Nimefungua folda ya pamoja. Nimekuta vitu sita vyenye ukubwa wa sifuri. Nimevifuta. Saa tatu na dakika saba. Printa bado inasema hivyohivyo. Nimeizima na kuiwasha. Sasa inasema tayari." Akainua macho. "Vilikuwa sifuri, Mwalimu. Nilihakikisha. Kila kimoja. Nisingefuta kitu chenye kitu."

Nilikitazama kidirisha cha printa. Kiliandika TAYARI.

"Haiwezekani viwe sifuri," Mwalimu akasema. "Wiki tano, mama. Wiki tano."

"Naweza kukuonyesha nilipoandika."

"Sio kwamba sikuamini."

"Mzee Amsel atafika baada ya nusu saa," Bi. Pruitt akasema, akifunga daftari. "Nitamwambia mimi mwenyewe. Vyeti tutavichapa kwa herufi za kawaida za kompyuta."

"Zile zinazofanana na menyu ya hoteli?"

"Ndizo tulizonazo."

Hapo ningeweza kusema. Nafasi ilikuwepo, pana kama mlango wa kanisa. Badala yake nilisema, "Naomba dakika kumi," nikatoka mbio.

Kabatini niliondoa mifagio, nikakaa juu ya ndoo, nikawasha skrini. Sifuri. Kwa nini sifuri? Mwalimu aliziona zikiwa nzima kwenye Mac, Bi. Pruitt akaziona tupu kwenye Windows, na wote wawili ni watu wakweli. Nilirudia hivyo mara tatu, kwa sauti, nikiiambia ndoo. Kisha nikasimama ghafla nikajigonga kichwa kwenye ngazi.

Mac haiweki faili kama wenzake. Kila faili la Mac lina nusu mbili, moja ya mbele na moja ya nyuma. Barua na picha hukaa nusu ya mbele, na kila mtu huziona. Lakini fonti za siku zile zilihifadhi kila kitu nusu ya nyuma, na mbele hazikuweka hata nukta. Windows haijui habari za nyuma. Hufungua mlango wa mbele, inaona sebule tupu, inaripoti sifuri. Na seva yangu, mkalimani yule mwaminifu, ikipokea faili la Mac huweka nusu ya mbele mahali pa wazi, na nusu ya nyuma huificha kwenye folda ya siri kandokando, ambayo Windows haionyeshwi kamwe.

Bi. Pruitt alikuwa amefuta sebule sita. Vyumba vya ndani hakuvigusa, kwa sababu hakujua vipo.

Niliandika amri ya kuonyesha yaliyofichwa. Nikafumba macho. Nikafumbua moja.

Vyote sita vilikuwepo. Vimepangwa mstari, vinene, vimeshiba, kila kimoja na jina lake. Nilipiga teke ndoo kwa furaha.

Lakini Mac ilikuwa haivioni, kwa sababu nyuma bila mbele, kwake, si kitu. Ilibidi kuzirudisha zile nusu za mbele. Na nusu ya mbele ya fonti ni nini? Ni faili tupu lenye jina sahihi. Nataka mkae na jambo hili kwa heshima inayostahili: ili kuokoa kazi ya wiki tano, na mahafali, na moyo wa mzee, ilinibidi niumbe vitu vitupu sita. Niliviumba. Kila kimoja kilichukua sekunde nne. Sijawahi kufanya kazi ndogo kama hiyo kwa umakini mkubwa kama huo. Jina la kila kimoja nilisoma mara mbili kabla ya kugusa kitufe.

Nilipanda ngazi thelathini na nane bila kupumua. Mwalimu Gustafson alikuwa amenifuata kimyakimya na sasa alikuwa nyuma yangu. "Fungua folda," nikamwambia.

Akafungua. Sita.

Alibofya cha kwanza mara mbili, na ile a kubwa ya Mzee Amsel ikaenea skrini nzima, na mguu wake uliopinda. Mwalimu alitoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu mzima. Kisha akanakili vipande vyote kwenye Mac mpya, na kwenye disketi tatu, na disketi zote tatu akazishika mkononi, mbali na koti.

Mzee Amsel alifika saa nane kamili, amevaa tai, mkono umening'inia kwenye kitambaa, plasta imejaa saini za wajukuu. Thea alikuwa amemshika kiwiko.

"Naona watu wanahema," akasema. "Nimekuta msiba au harusi?"

"Karibu uketi, Mzee," Bi. Pruitt akamwambia. Sauti yake haikuwa imara. Nilikuwa nimemnong'oneza kwamba vimepatikana, lakini alikuwa bado hajaamini mpaka aone karatasi.

"Vyeti arobaini na saba," Mwalimu Gustafson akatangaza. "Kwa alfabeti. Wa kwanza ni Amsel."

"Hapana," Mzee akasema. "Weka chake mwisho. Mimi humaliza kwanza kazi ya watu."

"Babu," Thea akasema, "nimengoja miaka minne."

"Basi dakika arobaini hazitakuua."

Mwalimu akapanda juu. Tukasubiri. Kidirisha kikawaka, printa ikanguruma, ikavuta karatasi nene polepole kama mtu anayevua soksi iliyolowa, na jina la kwanza likatoka. Mzee Amsel aliinama mpaka pua ikakaribia wino. Alifuata mstari kwa kidole cha mkono wa kushoto, hewani, bila kugusa.

"Huu ni mkono wangu," akasema. "Ila umekunywa kahawa kidogo."

"Ni wa mwaka themanini na tisa," nikasema. "Mwalimu aliuchagua huo."

"Mwaka huo nilikuwa nimeacha sigara. Ndiyo maana."

Karatasi zilitoka moja baada ya nyingine, dakika moja moja na zaidi. Bi. Pruitt alizipokea kwa viganja viwili na kuzilaza mezani, na kwa kila moja alilisoma jina kwa sauti, na Mzee akatikisa kichwa, kama kwamba mtoto huyo amepita mbele yake. Kufika ya thelathini tulikuwa tunahesabu kwa pamoja. Kufika ya arobaini Thea alikuwa ameng'ata ukucha wa kidole gumba hadi mwisho. Mwalimu Gustafson alishuka kwa ajili ya ile ya mwisho.

Ikavutwa. Ikasimama katikati, ikatuua wote. Ikaendelea. Thea Rosalind Amsel, na herufi A mbele ya ukoo wake imesimama kama mlango wa nyumba yao.

Mzee aliichukua mwenyewe, kwa mkono wa kushoto. Aliitazama. Thea aliliegemea bega lake. "Ni yako, Babu," akamwambia. "Hata wakikuuliza, sema umeiandika wewe."

"Nimeiandika mimi," Mzee akasema. "Nimechelewa tu kuifikisha."

Bi. Pruitt alijipangusa macho kwa leso na kusema kwamba anaomba kila mtu amsamehe, kwamba leo alikuwa nusura aharibu jambo ambalo lisingetengenezeka, na kwamba baada ya miaka ishirini na mbili labda wakati umefika ofisi hii impate mtu anayezielewa mashine. Alikuwa amekwisha andika barua; niliona bahasha, jina la mkuu wa shule juu yake, chini ya kopo la biskuti.

Nilifungua mdomo. Sijui ningesema nini. Nasema kweli, sijui.

Saa ya ukutani iligonga saa tisa.

Nilikuwa nimeusahau. Ujumbe wa Alhamisi alasiri, nilioupanga tangu Jumatatu pamoja na wenzake. Printa ililia mlio mmoja mfupi, kidirisha kikapepesa, na mbele ya msajili, mwalimu wa sanaa, Thea na Mzee Amsel, kikaandika: BISKUTI IKO WAPI.

Wote walikisoma. Thea alianza kucheka, akaacha. Mwalimu Gustafson aligeuka taratibu akanitazama, na kisha akalitazama daftari la kijani.

Bi. Pruitt hakushangaa hata kidogo.

"Za biskuti nilijua ni wewe tangu Jumanne, binti," akasema. "Printa haina meno. Na wewe ulikuwa na sukari kwenye kidevu. Niliona mtoto ana njaa na haya, nikasema acha ale." Akakitazama kidirisha. "Ila ile ya asubuhi haikuhusu biskuti. Ile niliamini ni ya mashine."

Hakuniuliza. Alifungua daftari, akatafuta ukurasa, akabonyeza kalamu, akatazama saa ya ukutani. Alikuwa anangoja kusajili, na hakuwa na haraka.

Nikatoa bahasha chini ya kopo, nikamrudishia mkononi.

"Andika saa tisa na dakika mbili," nikasema. "Zote ni zangu. Hata ile ya asubuhi. Mashine haikusema neno, Bi. Pruitt, na wewe hukukosea kitu. Ni mimi."